Nyumba Iliyokosa Kuanguka

Mimi nina wivu. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia bure. Wenzangu wana kisukari, wengine wanavimba miguu. Mimi nina wivu, na nimekuwa nao tangu mdogo wangu alipozaliwa na mama akanishusha mgongoni. Baba aliijua tabia hiyo. Alipojenga nyumba yake ya mwisho aliijenga ndefu kama bweni, akaikata katikati kwa ukuta mmoja, akatuita wote wawili na kutamka: "Kulia kwa dada, kushoto kwa mdogo mtu. Vyumba sawa, madirisha sawa, mabati sawa. Sitaki kelele nikishazikwa." Alipogeuka tu nikapima kwa hatua. Kushoto kulizidi nusu hatua, na hilo sikuwahi kulisahau.

Kazi yangu ni udobi. Nimefua shuka za hospitali kwa miaka ishirini na mitatu, kwenye chumba chenye sinki sita za saruji, boila moja inayokoroma kama mlevi, na mlango unaotokea uwanja wa nyuma kwenye kamba za kuanikia. Mume nilikuwa naye. Aliondoka kwa miguu yake mwenyewe miaka miwili kabla ya vita, kwa hiyo hata yeye siwezi kumwombea fidia. Binti yangu mmoja ameolewa mbali. Waliobaki ni mdogo wangu na mkewe, wifi yangu, upande wa pili wa ukuta.

Huyo wifi hana ubaya, na hapo ndipo penye mateso. Wifi mbaya ana faida yake: unamsema, majirani wanakuunga mkono, mnacheka, siku inakwisha. Huyu ukimsema unaonekana mchawi. Haongei sana. Akivaa gauni la mtumba linamkaa kama alipimiwa. Akiletewa habari mbaya anavuta pumzi moja, kisha anauliza kama kuna maji ya kutosha. Mimi nikiletewa habari mbaya mtaa mzima unajua. Mdogo wangu alikuwa akimtazama mkewe kwa namna ambayo hakuna mtu aliyewahi kunitazama, na mimi nilikuwa nikiwasikia kupitia ukutani wakicheka, nikijiuliza wanacheka nini na kwa nini hawaniambii.

Vita vilipofika mtaani kwetu walipanda lori lililopakia magodoro mpaka juu. Mdogo wangu akanishika mkono. "Dada, twende." Nikamwambia hospitali haiwezi kuwalaza majeruhi kwenye shuka zenye damu. Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. Kweli nyingine ni kwamba nilitaka kuwa na nyumba nzima peke yangu, angalau kwa wiki mbili. Wiki mbili zikawa miaka saba.

Bomu la kwanza lilianguka barabarani mbele ya nyumba. Vipande vyake vilitoboa mabati yangu na kuangusha kona ya chumba changu cha mbele. Nikamtafuta fundi mmoja mwenye mdomo mchafu ambaye watu walimwita Timazi, jina la kile kipimo cha kunyooshea ukuta, kwa sababu hakuwahi kuonekana amesimama wima. Hela hakuzitaka, kwani hazikuwa na cha kununua. Alitaka sabuni. Kwa vipande vinne vya sabuni ya hospitali alinifundisha kuchanganya udongo, chokaa na majivu, kurusha plasta kwa kifundo cha mkono na siyo kwa bega, na kutokuusubiri ufa ukue. Akaniambia, "Ufa ni kama mkwe. Ukiuachia mlango, utahamia." Nikaziba kona ile mwenyewe, ikapinda kidogo, nikaibomoa, nikaiziba tena mpaka ikanyooka. Kuanzia hapo watu wakaacha jina langu wakaniita Mama Plasta. Kwa miaka saba nyumba yangu ilipigwa mara kumi na moja, na mara kumi na moja niliinyanyua.

Udongo ni wa bure. Mabati siyo ya bure, na katika vita hayapo kabisa. Mwaka wa pili, mvua ikinimwagikia kitandani, nilitoka nje nikatazama upande wa kushoto. Mabati ishirini na nne, mazima, hayamfuniki mtu. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga, na mimi huwasikiliza sana wahenga ninapowahitaji. Nikapandisha ngazi nikatoa mabati manne. Nitayarudisha, nikajiambia. Baadaye mlango wangu wa chumbani ukatobolewa kwa risasi, nikautoa wa kwao. Kisha fremu za madirisha. Kisha, kwa kuwa mvua ilikuwa imeshaanza kuzilainisha kuta zao, nikaanza kuchukua matofali yaliyokuwa bado yana nguvu, moja moja, kama mtu anayechagua nyanya. Kufikia mwaka wa tano upande wangu ulisimama kwa vitu vya upande wao, na upande wao ulikuwa rundo la udongo linaloota magugu.

Mwaka wa tatu, kabla rundo halijawa rundo, nilimpata mtu anayevuka kwenda kule walikokimbilia. Nikamwambia, "Mwambie mdogo wangu bomu limeangukia upande wao. Washukuru Mungu hawakuwamo." Hakukuwa na bomu lolote upande wao. Bomu lilikuwa mimi.

Amani ilipokuja walirudi na watoto wawili na mabegi matatu. Mdogo wangu alisimama mbele ya rundo akalia kama mtoto, halafu akageuka akauona upande wangu umesimama, akanikumbatia. "Dada yangu. Umelinda alama ya baba." Nikampigapiga mgongo. Wifi alitazama rundo, akavuta pumzi moja, akauliza kama kuna maji ya kutosha.

Wakakaa kwangu miezi kumi na mmoja, wote wanne kwenye chumba cha mbele. Mdogo wangu akapata kibarua cha kuendesha lori la mchanga, anatoka alfajiri, anarudi amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Wifi akabaki jikoni kwangu. Kila siku ananiuliza, "Wifi, nitumie sufuria ipi?" kana kwamba hakuijua jana. "Wifi, naomba chumvi kidogo." Nilitamani siku moja achukue chumvi bila kuomba ili nipate la kusema. Hakunipa nafasi hiyo hata mara moja.

Ndipo ukaja Wakala. Redioni walisema bunge limepitisha sheria, limetenga fungu, na nchi tajiri zimeahidi kuongezea, ili pawepo Wakala wa Ujenzi Mpya utakaoinua mkoa wetu wote, barabara, shule na nyumba. Ofisi yao ilikuwa posta ya zamani, wakaipaka rangi nyeupe. Kabla hawajajenga hata choo walikuwa na magari manane, na watu wakasema hayo magari ndiyo yametangulia kujengwa upya. Mwenyekiti wa mtaa akatukusanya uwanja wa shule akatueleza utaratibu. Kila nyumba itapakwa alama. Nyekundu ni ile iliyobomolewa kabisa na vita: hiyo inajengwa mpya. Njano imeharibika kiasi: hiyo itasubiri awamu ya pili, fedha zikipatikana. Kijani ni nzima, haihitaji kitu. Fedha za awamu hii zinatosha nyekundu tu.

Aliyekuja kupaka ni msichana wa miaka kama ishirini na sita, mwenye buti za mpira na mikebe mitatu ya rangi ya kupuliza. Mimi namwita Binti wa Rangi. Alipanda juu ya rundo la mdogo wangu, akatafuta sehemu ya ukuta iliyobaki, akapuliza nyekundu. Akapiga picha. Kisha akaja mlangoni kwangu, akapitisha kiganja ukutani, taratibu, toka dirisha hadi kona.

"Nani alipiga plasta hii, mama?"

"Mimi."

"Aisee. Ni nzuri sana. Wafanyakazi wetu hawafikii hapa."

Sijawahi kusifiwa hivyo maishani. Nilikuwa bado natabasamu aliponipulizia kijani.

"Mwanangu, subiri. Nyumba hii imepigwa mara kumi na moja."

"Naona, mama. Lakini imesimama."

"Imesimama kwa sababu nimeisimamisha!"

Akanitazama kwa huruma, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya kazini. "Mama, nikwambie ukweli. Wanaotoa fedha wanataka picha mbili, ya kabla na ya baada. Nyumba yako haina kabla."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofundishwa tangu utoto. Basi waliosema hivyo hawakuujua Wakala. Mimi niliziba, wenzangu hawakuziba, na wao ndio wanaojengewa ukuta, tena na msingi, na paa, na sakafu ya vigae. Mtaani hali ilikuwa hiyohiyo. Watu walikuwa wakitazamana magofu. Mwenye njano alimsalimia mwenye nyekundu kwa midomo tu. Fundi viatu wa kona ya pili alijaribu kuangusha ukuta wake kwa nyundo, ukamwangukia mguu, akapewa kijani na bandeji.

Mchoro wa nyumba mpya ulibandikwa shuleni, na kila mwenye nyekundu akapewa nakala yake. Vyumba vitatu. Jiko lenye sinki na bomba. Bafu la ndani. Mimi nimefua za watu miaka ishirini na mitatu na nyumbani kwangu bado nabeba maji kwa ndoo, na huyu aliyekimbia anapewa bomba ndani! Wifi aliukunjua mchoro juu ya meza yangu, akapitisha kidole kwenye jiko, akaenda nacho mpaka kwenye sinki, akarudi nacho mpaka mlangoni, kama mtu anayetembea mle ndani. Laiti angeruka au kupiga vigelegele ningevumilia. Aliukunja tena mara nne, akauweka kifuani, akasema, "Wifi, naomba chumvi kidogo."

Wivu wangu huanzia chini ya mbavu za kushoto, hupanda kooni, na ukifika kooni sioni vizuri. Nilikuwa nikifua huku nalihesabu jiko lile kigae kwa kigae. Nikakosea nikachanganya shuka za wodi ya watoto na za upasuaji, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata mabomu yakianguka.

Wakala ulisoma orodha ya nyekundu hadharani, ukatoa siku kumi na nne kwa mwenye pingamizi. Siku ya kumi na mbili nikaenda.

Walikuwa wanapokea mapingamizi kwenye darasa la watoto wadogo. Binti wa Rangi alikaa kwenye meza ya mwalimu, mimi nikakaa kwenye dawati, magoti yakanigusa kidevu. Ilikuwa saa nne asubuhi.

"Karibu, mama. Pingamizi kwa nyumba ipi?"

"Namba mia moja na kumi na nne. Upande wa kushoto."

Akapekua karatasi. "Lakini hii ni ya mdogo wako. Si mnakaa pamoja?"

"Wanakaa kwangu," nikamsahihisha.

"Haya. Sababu?"

Sentensi hiyo nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwenye sinki siku nne. "Fomu yao inasema nyumba iliangushwa na bomu. Hakukuwa na bomu. Nyumba ile ilibomolewa na mtu."

Kalamu yake ikasimama. "Mtu gani?"

Utaamini kwamba siku zote nne sikufikiria kuwa ataniuliza hilo? Wivu haufikirii mbali. Unaishia pale mwenzako anapoanguka. Yanayofuata haujishughulishi nayo. Nilitazama ubao, mtu alikuwa ameandika tarakimu moja mpaka kumi, akaruka saba.

"Mimi," nikasema.

Nikamweleza yote, mabati, mlango, fremu, matofali, hata ule ujumbe wa bomu. Nilipoanza, sikuweza kuacha. Yeye akaandika, akageuza ukurasa, akaandika tena. Kisha akaniambia kwa upole kwamba fomu ina visanduku viwili tu, vita au sababu nyingine. Ikiwa ni sababu nyingine, nyumba inatoka kwenye orodha na nafasi inakwenda kwa anayefuata. Na kwa kuwa mdogo wangu ndiye aliyetia sahihi chini ya neno bomu, ataitwa ajieleze kwa nini ameidanganya serikali.

"Yeye hakudanganya. Mimi ndiye niliyemdanganya."

"Ndiyo, mama. Atakuja aseme hivyo."

Nilitaka wifi akose jiko. Sikutaka mdogo wangu aambiwe mbele ya mwenyekiti kwamba ni mwongo, tena ajue kwamba dada aliyemlilia begani ndiye aliyeila alama ya baba. Nilikuwa sijavitenganisha vitu hivyo viwili kichwani mpaka pale. Lakini mtu wa mwenyekiti alikuwa ameshatumwa nyumbani, na mdogo wangu alikuwa machimboni na lori lake. Aliyekuja ni wifi.

Aliingia mikono ikiwa bado na povu la sabuni. Aliniona nimejikunja kwenye dawati, akaenda kusimama kando ya meza. Binti wa Rangi akamsomea pingamizi langu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti, kama anayesoma hukumu. Wifi akasikiliza, akavuta ile pumzi yake moja.

"Mwanangu," akasema, "sisi tulikimbia, huyu wifi yangu hakukimbia. Ameishi chini ya mabomu miaka saba, peke yake. Sasa siku nyingine anachanganya mambo. Leo atakwambia nyumba yote aliijenga yeye, kesho atakwambia aliibomoa yeye. Sisi nyumbani tumeshamzoea."

Nikataka kusimama, dawati likanikaba. Mimi nichanganye? Mimi ninayejua idadi ya foronya za kila wodi? Miaka saba yangu, mikono yangu iliyochubuka kwa chokaa, ile kazi yote ambayo hakuna karatasi iliyoiandika, na siku hii moja tu ilipoandikwa, mwanamke huyu anaifuta kwa sentensi tano! Binti wa Rangi akanigeukia, na machoni pake nikaona ameshamwamini.

"Mama, unashikilia pingamizi lako, au unaliondoa?"

Nikamtazama wifi. Yeye hakunitazama. Alikuwa anaitazama kalamu. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na mshipa wa shingo unapiga. Miaka yote nimemjua sijawahi kumwona anaogopa, na sasa alikuwa ananiogopa mimi. Ningeweza kubaki na akili zangu timamu kwenye karatasi, wao wakabaki kwenye chumba changu cha mbele maisha yao yote, wakiniomba chumvi.

"Liondoe," nikasema. "Nimechanganya."

Akachora mstari toka kona hadi kona, akaandika kitu pembeni kwa herufi ndogo. Mimi husoma lebo za shuka zikiwa kichwa chini, kwa hiyo nilisoma: *Mlalamikaji ni mzee, ameathirika na vita.* Mzee! Nina miaka arobaini na minane.

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipita duka la dawa, tukapita kwa fundi viatu na bandeji yake. Kwenye kichochoro cha kwetu akasimama bila kugeuka.

"Kitasa cha mlango wa chumba chako kimefungwa kichwa chini," akasema. "Mkono wake unainuliwa, haushushwi. Mume wangu alikifunga hivyo mwaka tuliooana, nikamcheka siku tatu."

Nami nikasimama nyuma yake.

"Wiki ile ya kwanza tuliporudi, ulipougua, nikakuletea chai. Mikono imejaa, nikainua kitasa kwa kiwiko bila kufikiri. Mlango ukafunguka. Nikasimama pale na chai yako."

"Na yeye anajua?"

"Mwanamume aingie chumbani kwa dada yake kutafuta nini? Hajui. Na kwangu hatajua."

"Mbona hukusema, wifi?"

"Niseme ili iweje? Ung'oe? Mvua ilikuwa inanyesha, na wanangu walikuwa wamelala chini ya mabati yetu wenyewe."

Nikajaribu kumshika mkono. "Wifi, nisamehe."

Akautoa mkono wake. "Sijakusamehe, usijidanganye. Nilichofanya pale nimefanya kwa sababu nataka nyumba." Sasa akageuka, na uso wake haukuwa ule niliouzoea; ulikuwa umewaka. "Unajua miaka saba nimelala wapi? Kwenye stoo ya watu, katikati ya magunia. Nikilalamika mume wangu ananiambia, dada yangu yuko kule kwenye mabomu na halalamiki. Panya wakipita, dada yangu. Mtoto akiugua, dada yangu angefanya hivi. Asubuhi dada, jioni dada! Nilikuwa nakuchukia na huku hata sikuoni. Halafu nimerudi, nimeyaona mabati yangu juu ya kichwa chako. Unajua nilisema nini moyoni? Nilisema, afadhali. Kumbe naye ni mtu."

Akaingia ndani. Mimi nikabaki kichochoroni. Miaka yote niliamini kwamba katika ukoo ule wivu nilipewa mimi peke yangu, kama kilema. Sikujua nicheke au nilie, nikaenda kazini nikafua shuka themanini bila kusikia boila.

Tangu siku ile aliacha kuomba chumvi. Alichukua tu, na sufuria alichagua mwenyewe, tena ile kubwa ninayoipenda. Nilinuna, na nilifurahi kupata cha kununia.

Fedha za Wakala zilichelewa miezi minne. Mara nchi fulani haijatuma, mara sahihi moja haipo. Zilipofika, lori la mdogo wangu ndilo lililomwaga mchanga wa kwanza, naye akapiga honi mpaka watoto wa mtaa mzima wakatoka. Mafundi wa Wakala walikuja sita, na kofia za plastiki. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilisimama nikitazama ukuta wa wifi ukipanda, na sitakudanganya, kila mstari wa matofali ulinichoma. Vigae vilipowasili kwenye maboksi niliingia ndani nikafunga mlango. Wivu hauondoki kwa sababu umeaibika.

Siku ya plasta walianza na ile kona inayokutana na ukuta wa kati wa baba. Fundi mkuu alikuwa anarusha kwa bega. Nikavumilia mara ya kwanza, nikavumilia ya pili, ya tatu nikashindwa.

"Hiyo kona itapasuka," nikasema. "Hujaulowesha ukuta wa zamani. Unakunywa maji yote ya plasta."

Akanitazama toka viatu mpaka kilemba. Mdogo wangu alikuwa pale na koleo lake, amechafuka, ana furaha. "Mama, samahani," fundi akasema, "kwani wewe ni fundi?"

Wifi alikuwa amekaa juu ya boksi la vigae vyake, anachambua misumari. Hakuinua kichwa.

"Msikilizeni huyo," akasema. "Nyumba yangu nzima ameila. Anajua ilivyotengenezwa."

Mafundi wakaangua kicheko. Mdogo wangu akacheka kuliko wote, mpaka akaegemea koleo. Mimi na wifi hatukucheka. Nikavua viatu, nikanyoosha mkono, nikamwomba fundi mwiko.